Stravinsky: Mtunzi aliyezomewa Paris, muziki wake ukavuka sayari

MTU yeyote aliyepata kusimama katika uwanja wa Bujora, Kisesa, umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya Jiji la Mwanza, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni, anaijua hali hii. Makundi mawili ya ngoma, la Bagika na la Bagalu, yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Kwa desturi ya mashindano ya Kisukuma hakuna jaji anayezidi umati. Watu wakivutwa upande huu, wa upande ule wameshindwa, hata kama jasho limewatiririka hadi visiginoni.

Ndiyo maana mcheza ngoma wa kanda hii ya ziwa hachoki kubuni. Atamvaa chatu shingoni, atarusha jembe hewani na kulidaka bila kupoteza pigo la ngoma, na inasimuliwa kwamba waasisi wa makundi hayo, Ngika na Gumha, waliopambana katika karne ya 19, hawakutegemea miguu peke yake bali na dawa za kuuvuta umati.

Usiku wa Alhamisi, Mei 29, 1913, umati wa namna hiyo ulikuwa umeketi ndani ya ukumbi mpya wa Théâtre des Champs-Élysées jijini Paris, Ufaransa, uliofunguliwa takriban miezi miwili tu kabla. Wakati huo Mwanza ilikuwa kituo cha utawala wa Wajerumani, haijafikiwa na reli, na bidhaa nyingi zilifika kwa meli kutoka Kisumu. Walioketi ukumbini mle Paris hawakuwa na habari yoyote juu ya ngoma za Usukuma. Lakini kilichowafanya wazomee, wapigiane kelele na hata kukunjana mashati ni jambo ambalo mwana wa Kisesa angelielewa upesi kuliko wao: ngoma ya kukanyaga ardhi, inayopigwa kwa mapigo yasiyolingana, kwa ajili ya kuomba neema ya udongo.

Mtunzi wa muziki huo alikuwa kijana wa Kirusi mwenye umri wa miaka 30, mfupi wa kimo, mwenye miwani na mavazi nadhifu. Jina lake Igor Stravinsky.

Alizaliwa Juni 17, 1882 huko Oranienbaum, mji mdogo wa pwani karibu na St. Petersburg. Baba yake, Fyodor, alikuwa mwimbaji wa sauti ya besi aliyesifika katika ukumbi wa Mariinsky, na kwa hiyo mtoto alikulia nyumba ambayo nyimbo hazikukatika. Hata hivyo wazazi wake, kama wazazi wengi hadi leo, hawakuona kwamba muziki ni kazi ya kumtegemea mtu. Alipelekwa chuo kikuu kusoma sheria.

Sheria hakuipenda, lakini chuoni ndiko bahati ilikomwangukia. Miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwamo kijana wa mtunzi maarufu Nikolai Rimsky-Korsakov, na kupitia kwa kijana huyo akamfikia mzee. Rimsky-Korsakov alimshauri asiende kwenye chuo cha muziki, akamchukua nyumbani na kumfundisha mwenyewe, zaidi namna ya kugawa sauti kwa vyombo vya okestra. Mwalimu huyo alipofariki mwaka 1908, mwanafunzi alimtungia wimbo wa maombolezo. Ulipigwa mapema mwaka 1909, kisha nota zake zikapotea, na mtunzi akazeeka akidhani zimeangamia. Zilionekana mwaka 2015, katika marundo ya makaratasi ya chuo cha muziki cha St. Petersburg, mtunzi akiwa kaburini miaka 44.

Aliyembadilishia maisha ni Sergei Diaghilev, Mrusi mwenzake asiyejua kutunga wala kucheza lakini aliyejua kuwakusanya wanaojua. Diaghilev alikuwa akipeleka Paris kundi la baleti, yaani mchezo wa jukwaani ambao hadithi yake husimuliwa kwa miili ya wachezaji pamoja na okestra, bila maneno. Alisikia kazi za awali za Stravinsky, akampa kazi. Juni 1910 wakaonyesha Ndege wa Moto, na Stravinsky aliyekuwa hajulikani akalala usiku ule akiwa mashuhuri. Juni 1911 wakaonyesha Petrushka, hadithi ya kikaragosi anayependa na kuteseka kama binadamu. Paris ikamshangilia mara mbili mfululizo. Pengine ndiyo sababu mara ya tatu ilimwuma sana.

Wazo la kazi ya tatu lilimjia mwaka 1910, akiwa anaikamilisha ile ya kwanza. Aliona akilini wazee wa kale wameketi duara, wakimtazama msichana akicheza hadi kufa, awe sadaka kwa mungu wa majira ya kuchipua. Akaenda kwa mchoraji Nicholas Roerich, mtu aliyechunguza maisha ya Waslavi wa zama za kabla ya Ukristo, wakapanga pamoja matukio ya mchezo: michezo ya vijana, maandamano ya mzee mwenye hekima anayeibusu ardhi, kuchaguliwa kwa msichana, kuitwa kwa mizimu, na mwisho ngoma ya sadaka. Mchezo ukaitwa kwa Kifaransa Le Sacre du printemps, ambao tunaweza kuuita Tambiko la Majira ya Kuchipua.

Kwa msomaji wa hapa, majira hayo yanahitaji maelezo. Sisi hatuna theluji. Lakini mkulima wa mbuga za Magu au Kwimba anajua udongo mweusi unavyopasuka Septemba, na anajua harufu inayopanda mvua ya kwanza inapoanguka. Huko Urusi barafu hufunika ardhi kwa miezi mingi, kisha huvunjika kwa kishindo, kana kwamba nchi nzima inapasuka ndani ya saa moja. Kishindo hicho Stravinsky alikikumbuka tangu utotoni kama jambo alilolipenda kuliko yote ya kila mwaka. Alitaka okestra ikitoe.

Aliandika sehemu kubwa ya muziki huo kati ya mwaka 1911 na 1912, kwanza Ustilug, mahali penye shamba la familia ya mkewe, ambapo leo ni ndani ya Ukraine, kisha Clarens, Uswisi, kando ya Ziwa Geneva. Huko Clarens alikuwa na kichumba kilichotosha piano ndogo iliyofifishwa sauti, meza na viti viwili. Humo, katika chumba ambacho mtu angeweza kukigusa ukuta huu na ule, ulitungwa muziki wa kupigwa na watu karibu mia moja.

Je, ulikuwa na nini muziki huo hata watu wazima waliovaa suti za sherehe wazomeane?

Tuanze na sauti ya kwanza kabisa. Inatoka kwenye basuni, chombo kirefu cha ukoo wa zumari ambacho kazi yake ya kawaida ni kushika sauti nzito za chini. Stravinsky alikipandisha juu mno, mahali ambapo hakikuzoea kufika, kikapiga peke yake. Ni kama mwongozaji wa kwaya angemsimamisha mwimba besi na kumwamuru aanzishe wimbo kwa sauti ya soprano. Sauti hutoka, lakini hutoka imekabwa, ngeni, mithili ya kitu kinachochipua kwa taabu. Taarifa za usiku ule zinasema vicheko ukumbini vilianza hapo hapo, kabla hata pazia halijafunguliwa.

Kisha pazia likafunguka, na hapo likaja jambo ambalo wanamuziki hawajaacha kulizungumza hadi leo. Vyombo vya nyuzi, pamoja na honi nane, vinapiga mkusanyiko mmoja wa sauti, ule ule, tena na tena, kama mchi ndani ya kinu. Ukiusikiliza mkusanyiko huo utagundua ni wa funguo mbili zilizobebeshana, jirani kabisa lakini zisizopatana. Anayesimama katikati ya uwanja wa Bujora, sikio moja likisikia Bagika na jingine Bagalu, anapata picha yake. Tofauti ni kwamba hapa mtu mmoja aliyaandika makundi yote mawili katika karatasi moja, na akataka yasikike hivyo.

Mapigo nayo hayatabiriki. Muziki wa Ulaya uliozoeleka humwezesha msikilizaji kujua mguu utue lini: moja, mbili, tatu, nne, kisha moja tena. Stravinsky aliacha mapigo yakimbie sawasawa lakini mkazo akauhamisha kila mara, uangukie pale usipoutarajia. Katika ngoma ya mwisho, ya msichana wa sadaka, hata hesabu yenyewe hubadilika karibu kila kipimo: mara mapigo matatu, mara mawili, mara matano, kisha kimya cha ghafla ambacho huumiza kuliko kelele. Kabla ya ngoma moja ya sehemu ya pili zinasikika ngumi 11 za vyombo vya nyuzi na ngoma, sawasawa, bila maelezo yoyote. Kumi na moja. Wapigaji wa muziki wa wakati ule walidhani karatasi zao zimekosewa.

Sifa nyingine husahauliwa kwa sababu ya kelele za hiyo iliyotangulia. Muziki huu haukui kama mti, tawi likizaa tawi, namna walivyopenda watunzi wa Kijerumani. Umejengwa kwa mawe. Kipande kifupi cha wimbo, chenye sauti nne au tano tu, hurudiwa mpaka kikuingie mwilini, kisha hukatwa pasipo kuaga, na kipande kingine kikawekwa pembeni yake. Baadaye vipande hivyo hupandishwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mzunguko wake. Mpiga ngoma wa bugobogobo, ambayo asili yake ni vikundi vya kulima kwa pamoja, hawezi kushangazwa na ufundi huo: ngoma kubwa ina neno lake, ndogo lake, njuga za miguuni lake, na jembe linatua kwa neno la nne. Mgeni ukumbini Paris ndiye aliyeona ni vurugu.

Hata vyombo viliongezwa. Filimbi na zumari za kila aina zilikuwa tano tano, tarumbeta kadhalika, ngoma za shaba tano zikigawanywa kwa watu wawili, na mahali fulani kinasikika kibuyu chenye mikato cha kukwaruzwa kwa kijiti, ambacho asili yake ni Amerika ya Kilatini.

Hatua za mchezo zilibuniwa na Vaslav Nijinsky, kijana aliyekuwa akitajwa kuwa mchezaji bora wa kiume wa Ulaya nzima, maarufu kwa kuruka juu kana kwamba hana uzito. Kumbe safari hii hakutaka mtu aruke kwa madaha. Aliwakunja wachezaji magoti, akawageuza vidole vya miguu ndani, akawaamuru wakanyage sakafu. Wachezaji waliofunzwa tangu utoto kunyoosha miguu kama mikuki walilia mazoezini. Kwa kuwa muziki haukuwa na mapigo ya kushikilia, kila mmoja alilazimika kuhesabu kichwani.

Usiku wa onyesho, kelele za watazamaji zilipoizidi okestra, Nijinsky alipanda juu ya kiti nyuma ya pazia akawa anawapigia hesabu kwa sauti kuu. Alihesabu kwa Kirusi, na Kirusi kina tatizo lile lile la Kiswahili: namba zikishapita kumi huwa ndefu. Jaribu, msomaji, kutamka kumi na saba ndani ya pigo moja la haraka la ngoma. Diaghilev naye akaamuru taa za ukumbi ziwashwe na kuzimwa ili watu watulie. Hawakutulia. Mwongozaji wa okestra, Mfaransa Pierre Monteux, hakugeuza shingo. Aliupeleka muziki hadi mwisho wake, dakika zipatazo 33, huku watu nyuma yake wakitukanana. Stravinsky alikuwa ameketi miongoni mwa watazamaji. Aliondoka kitini kwa hasira, akaenda kusimama nyuma ya jukwaa karibu na Nijinsky.

Habari za usiku ule zimetiwa chumvi kadiri miaka inavyokwenda, na baadhi ya waliozisimulia kwa undani zaidi hawakuwapo siku hiyo. Lakini jambo moja halina ubishi: sehemu kubwa ya muziki haikusikika vizuri. Umati ulihukumu ngoma usiyoisikia. Siku chache baadaye mtunzi aliugua homa ya matumbo, iliyodhaniwa kutokana na chaza aliokula, akalazwa kwa wiki kadhaa.

Rufaa ilisikilizwa Aprili 5, 1914. Monteux aliupiga muziki ule ule mjini Paris, safari hii bila wachezaji, watu wakiwa wametulia na kusikiliza. Ulipomalizika walimbeba Stravinsky mabegani hadi barabarani. Ndani ya mwaka mmoja, jiji lile lile.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapoona deni ambalo halikulipwa. Muziki ulinusurika kwa sababu ulikuwa umeandikwa. Hatua za Nijinsky hazikuandikwa. Baada ya maonyesho machache Paris na London ziliwekwa kando. Mwaka huo huo wa 1913 Nijinsky alioa akiwa safarini Amerika ya Kusini, Diaghilev akamfukuza, na kufikia mwaka 1919 kijana yule alikuwa ameshikwa na maradhi ya akili ambayo hayakumwacha hadi kifo chake mwaka 1950. Mchezo uliporudishwa jukwaani mwaka 1920 ulikuwa na hatua mpya za mtu mwingine. Stravinsky, ambaye barua zake za mwaka 1913 zinaonyesha aliipenda kazi ya Nijinsky, aligeuka katika kitabu cha maisha yake cha miaka ya 1930 akamlaumu kwamba hakujua muziki. Ilikuwa rahisi kumlaumu mtu asiyeweza tena kujibu.

Ngoma iliyopotea ilitafutwa miongo kadhaa baadaye na mtafiti wa Marekani, Millicent Hodson, aliyekusanya michoro ya penseli iliyochorwa na mtazamaji wa mwaka 1913, maelezo yaliyoandikwa pembeni mwa nota na msaidizi wa Nijinsky, na kumbukumbu za wazee waliokuwa bado hai. Ilionyeshwa na kundi la Joffrey la Marekani mwaka 1987. Ni ile ile? Hakuna wa kuapa. Wazee wa Kisesa, Ngudu na Sengerema wanaojua hatua ambazo vijukuu hawazijui wangeweza kuzungumza mengi juu ya swali hilo.

Deni la pili ni la nyimbo zenyewe. Maisha yake yote Stravinsky alidai kwamba katika Tambiko kuna wimbo mmoja tu wa watu wa vijijini, ule wa basuni mwanzoni, alioutoa katika mkusanyiko wa nyimbo za Kilithuania. Mkusanyiko huo ulikuwa kazi ya padri mmoja wa Kikatoliki, Anton Juszkiewicz, aliyetembea vijiji vyake akiandika nyimbo za harusi, zaidi ya 1,700, ambazo zilichapwa Krakow mwaka 1900 yeye akiwa amekwisha kufa. Kazi yake inakumbusha ile ya Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora katika miaka ya 1950 ili mambo ya Wasukuma yasipotee.

Daftari la rasimu za Stravinsky lilipochapwa mwaka 1969, na watafiti kama Lawrence Morton na baadaye Richard Taruskin walipolilinganisha na kitabu cha padri na vitabu vingine vya nyimbo za kale, zikaonekana nyingine kadhaa. Alikuwa amezichukua, akazikatakata, akazigeuza mpaka zisitambulike. Kuchukua si kosa; kila mtunzi wa kweli amechota mahali. Lililo gumu kumeza ni kukana. Wanawake wa Kilithuania walioimba harusini hawakutajwa na mtu, na muziki uliosifiwa kwa kuwa mpya kabisa ulikuwa na sauti zao ndani yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uswisi, na mapinduzi ya mwaka 1917 yakamnyang'anya kila alichokuwa nacho nyumbani. Akawa mkimbizi mwenye familia ya kulisha. Okestra kubwa hakuna aliyeweza kuilipa, hivyo akajifunza kutunga kwa vyombo vichache. Hadithi ya Askari ya mwaka 1918 inahitaji wapigaji saba tu. Miaka ya 1920 alihamia Ufaransa na kubadili mtindo kabisa, akarejea kwenye sauti safi zilizopangika za karne ya 18, jambo lililowaudhi waliomshangilia kwa Tambiko. Mwaka 1926 alirudi katika Kanisa la Orthodox, na mwaka 1930 akatunga kazi kubwa ya kwaya na okestra juu ya Zaburi, ambayo waimbaji wa kwaya wa hapa Mwanza wakiisikia hawatahitaji mtu wa kuwaeleza inahusu nini. Uraia wa Ufaransa aliupata mwaka 1934.

Kisha kifua kikuu kikaingia nyumbani kwake. Novemba 1938 kilimchukua bintiye mkubwa, Ludmila. Machi 1939 kikamchukua mkewe Katerina, ambaye pia alikuwa binamu yake, waliyeoana mwaka 1906. Yeye mwenyewe alilazwa kwa ugonjwa huo huo kwa miezi mitano. Juni mwaka huo mama yake akafariki. Misiba mitatu katika muda wa miezi saba, na Septemba, vita vya pili vikiwa vimeanza, akapanda meli kwenda Marekani. Alikuwa na miaka 57 na ilimbidi aanze upya kwa mara ya tatu. Mwaka 1940 alimwoa Vera de Bosset, na mwaka 1945 akawa raia wa Marekani.

Huko Tambiko lilikutana na jambo lisilotarajiwa. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu ya Fantasia, na ndani yake muziki wa msichana wa sadaka ukawekwa juu ya picha za kuumbwa kwa dunia na kuangamia kwa mijusi wakubwa wa kale. Mtunzi hakufurahi, vipande vilikatwa na kupangwa upya. Lakini Mtanzania akiitazama sehemu hiyo anaweza kutabasamu. Mijusi ya ukoo huo ilichimbwa na Wajerumani huko Tendaguru, Lindi, kuanzia mwaka 1909 hadi mwaka 1913, mwaka ule ule wa vurugu za Paris, na mifupa yake iko Berlin hadi leo. Miaka miwili baada ya filamu hiyo, sarakasi moja ya Marekani ilimwomba muziki wa kuchezewa na tembo, naye akautunga. Mtu aliyekimbia nchi mara mbili hachagui kazi.

Mei 1962 alifika Afrika ya Kusini kuongoza okestra ya shirika la utangazaji la nchi hiyo. Wakati huo sheria za ubaguzi ziliwazuia weusi kuketi katika kumbi za weupe. Mbali na maonyesho yaliyopangwa, mzee huyo aliyekaribia miaka 80 aliongoza okestra katika kitongoji cha Waafrika cha KwaThema, Springs. Tendo hilo halikubadili sheria hata moja, lakini ni wageni wachache wa hadhi yake waliojisumbua kufika huko. Miezi michache baadaye aliingia Urusi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 48, akapokewa na Nikita Khrushchev, kiongozi wa dola ambayo kwa miaka mingi iliupiga marufuku sehemu kubwa ya muziki wake.

Alifariki New York Aprili 6, 1971.

Tambiko halikufa naye. Mwaka 1975 Mjerumani Pina Bausch alilitungia hatua ambazo huchezwa juu ya udongo halisi uliomwagwa jukwaani, ukiwachafua wachezaji hadi usoni. Mwanzoni mwa mwaka 2020 wachezaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikusanyika Senegal kujifunza ngoma hiyo. Ugonjwa wa corona ulipofunga kumbi, waliicheza mara moja juu ya mchanga wa ufuko wa Toubab Dialaw, ikarekodiwa, kisha wakatawanyika makwao. Ziara yao ilifanyika baadaye. Magoti yaliyokunjwa na nyayo zinazopiga ardhi hazikuonekana kuwa kioja huko.

Na kuna nakala iliyo mbali kuliko zote. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kimebeba santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia. Ngoma ya sadaka imo, okestra ikiongozwa na Stravinsky mwenyewe. Katika santuri hiyo hiyo umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Mbilikimo wa msitu wa Ituri, ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu, uliorekodiwa na mtafiti Colin Turnbull. Wimbo wa wasichana wanaoingia utu uzima na ngoma ya msichana anayecheza hadi kufa vimekwisha kuzipita sayari zote, pamoja.

Mwili wake ulipelekwa Venice, Italia, kama alivyotaka, ukavushwa maji kwa mashua hadi kisiwa cha makaburi cha San Michele. Hata sasa mtu anayetaka kulizuru kaburi hilo hana budi kupanda chombo, kama anayetoka Mwanza kwenda Ukerewe. Jiwe lake halina mapambo mengi, lina jina lake. Hatua chache kutoka hapo amelala Diaghilev, aliyefia mji huo mwaka 1929, na wachezaji wanaopita huacha viatu vyao vya baleti juu ya kaburi lake, vikinyeshewa mvua na kuchakaa hadi vingine viletwe.